Mama, Yule Nesi Amekuja Darsani

Mama,

Nimetoka darsani sasa hivi, nikaona nikuandikie wewe. Hapa Thamesmead, London, sina wa kumwambia haya nikabaki na amani.

Unamkumbuka Claire, yule nesi wa wodini aliyekuwa akikuchana nywele? Tangu tukuzike anakuja kwenye darsa letu la kina mama, kajitanda mtandio. Anasema amesilimu, na aliyemfundisha ni wewe. Sikuamini. Kiingereza chako kiliishia kwenye kuomba chai.

Na maswali yake, Mama. Watoto wa jirani yetu Bi Mwanaidi wanasoma wapi, waume zetu wanasali msikiti gani. Unajua tulivyo tangu mtoto wa Bi Mwanaidi alipokataa kuimba nyimbo za Krismasi, shule ikataka kujua nani anamtia maneno kichwani. Kwa hiyo Claire akiingia, sisi tunazungumza mapishi tu.

Leo Bi Mwanaidi kaninong'oneza: "Huyu katumwa kutuchunguza. Kama kweli mamako alimfundisha, basi asome."

Nikamwambia Claire asome.

Akafumba macho, akasoma Alhamdu kwa kuvutavuta kama wewe. Tukaitikia amina. Yeye akaendelea kwa sauti ileile, akidhani bado ni Kiarabu: "Na Tatu wangu, ya Rabbi, umlainishe moyo, asikae peke yake."

Mama, nilishika zulia. Nani London ananiita Tatu? Kazini, hospitali, hata darsani, mimi ni Fatma. Nikamuuliza maneno yale maana yake nini. Akasema hajui, ila wewe ulikuwa ukimalizia hivyo, basi naye hamalizi sala bila hayo.

Miezi yote hii, mtu niliyekuwa nikichunga ulimi mbele yake ananiombea kila sala.

Sikumwambia maana yake. Na bado sijamwamini, usidhani. Mtu anaweza kusali kwa kweli na masikio akayatega vilevile. Bi Mwanaidi anasema waliotumwa hufundishwa vizuri. Lakini jina hilo, Mama, nani angewafundisha?

Nimemwalika chai Jumamosi. Nitamtazama kila anachogusa, unanijua. Ila nakuahidi nitamtazama akiwa amekaa karibu nami, na akiuliza tena, nitamwambia alichokuwa akikiomba.

Mungu akupanulie hapo ulipolala.

Mwanao,
Tatu