Mkono Juu ya Leso ya Shangazi

Mpendwa Yaya,

Simu yako haipatikani tangu Jumatatu, na kwenye kundi letu la trans wa Afrika Mashariki hapa Sydney jina lako limetoweka. Nakuandikia hapa kundini, chini ya picha ile ile ya mkono, kwa sababu sijui pengine pa kukutafutia. Naogopa. Gari likisimama nje hapa Guildford, nazima taa.

Unakumbuka nilipokuja kwako Campbelltown mara ya kwanza? Njia nzima kwenye treni nilijiambia nitashuka kituo kinachofuata nirudi. Kundini nilikuwa nimesema naishi na shangazi, na kwake mimi bado ni mvulana. Mmoja akaniita mwoga, mwingine akasema si trans wa kweli mpaka nijitangaze. Wewe ulinisubiri kituoni na mwavuli, ukanipakulia bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwenu Kongo, na nilipoanza kulia ukasema, "Batu baseme, petite. Weye kula kwanza." Nilikutania kwamba kwenu yaya ni dada mkubwa, lakini kwetu Kenya ni mtu wa kulea watoto. Ukacheka, ukasema basi kazi umepata.

Na mara ile nyingine nilikuletea chapati, nimezifunga kwenye leso ya shangazi. Ulinipaka kucha rangi nyekundu, nikaweka mkono juu ya leso, nikapiga picha nikaituma kundini. Uso sikuuonyesha, nikajiona mjanja sana. Leso sikuifikiria hata kidogo, wala jina la fellowship ya kina mama wa kanisa lililoandikwa pindoni.

"Hiyo leso naijua," mtu tusiyemjua akaandika kundini. "Ni ya wamama wa Guildford. Huyo kijana tutampata, na watu wake wataambiwa."

Nilikupigia papo hapo. Kumbe ulikuwa umeshajibu: "Mukono ni wangu. Leso nilipewa na rafiki. Munitukane mimi." Wakakutukana kweli, Yaya, hata wenzetu, eti unatuletea balaa. Mwanafunzi mmoja wa Kensington ambaye sijawahi kumwona aliandika mbele ya wote kwamba mwenye mkono ule, yeyote awaye, akikosa pa kulala, ana godoro sebuleni kwao. Nililia nikisoma. Kisha mtu akataja mtaa wako, na jina lako likatoweka.

Jana nilikuja kwako. Mapazia yamefungwa, viatu vyako vya kazini havipo mlangoni. Niligonga mpaka jirani akachungulia, nikakimbilia stesheni. Sijui kama umejificha au kuna aliyekufikia.

Nikarudi nyumbani, shangazi akaniuliza, "Umeona leso yangu ya fellowship? Sunday lazima tuvae sote." Iko kwako, Yaya. Nilimwambia nitaitafuta.

Sasa nasema hapa, na anayetaka kumwonyesha shangazi amwonyeshe: mkono ule ni wangu. Yaya alinikinga tu. Mwacheni. Shangazi akirudi kutoka zamu nitamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Begi nimelifunga, liko nyuma ya mlango. Ananipenda, najua, lakini sijui kama atampenda huyu msichana nitakayemtaja.

Ukiisoma hii popote ulipo, nipigie hata usiseme neno, nitajua ni wewe. Nimejaribu kula kwanza, kama ulivyonifundisha. Chakula hakishuki.

Mdogo wako, petite,
mwenye mkono ule