Sumaku za Gitaa la Baba

Ndandalo,
Kyela.
12 Juni 1993

Mpendwa mdogo wangu Tuntufye,

Ndaga, mwana wa mama. Habari za Dar es Salaam? Mkeo Asifiwe hajambo? Na mtoto, kifua chake kimepoa? Sisi huku tu wazima, isipokuwa macho ya mama. La kulia sasa halioni hata mwanga wa mlangoni. Mpunga tumevuna nusu, mwingine ulilala kwa mafuriko ya Aprili.

Salamu zimetosha. Nina hasira nawe, na sitaipaka asali.

Unajua daktari wa Mbeya alisema mtoto wa jicho lazima aondolewe kwa upasuaji. Mama mwenyewe ndiye aliyesema tuuze gitaa la baba. Bwana Eliya, mwenye bendi kule Mbeya, alikuwa tayari kulinunua, ila alitaka kwanza fundi athibitishe kwamba ni la asili, si la kuiga. Nikalifunga kwenye shuka, nikaenda nalo Bondeni kwa Mansuri, yule fundi redio aliyekuwa akitengeneza vyombo vya bendi.

Mansuri aligonga mbavuni, likavuma. Akagonga katikati, likawa kama amegonga nguzo. Akasema hiyo ndiyo dalili ya kwanza: uwazi pande mbili, gogo zima katikati. Akamulika tochi kwenye tundu, akasoma lebo na namba.

"La mwaka sitini na moja, dada. Baba yenu hakuokota takataka huko Kitwe."

Nilifurahi, Tuntufye. Baba alichimba shaba miaka tisa, kila Jumamosi akipiga dansi, na kitu cha maana alichorudi nacho ni hicho.

Kisha Mansuri akashika bisibisi, akafungua vile visanduku viwili vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, vinavyonasa sauti. Akaniita nisogee. Waya ulichomewa juzijuzi, bado unang'aa, na matundu ya skrubu za zamani yamezibwa kwa njiti za kiberiti. Sumaku zenyewe ni za bei ya chee, za haya magitaa mapya yaliyojaa madukani siku hizi.

"Zile za asili ndizo nusu ya thamani yake," akasema. "Aliyezitoa alijua anachokitoa."

Tangu baba afariki, gitaa limetoka chini ya kitanda cha mama mara moja tu. Ni Krismasi, ulipolichukua ukisema shingo imepinda, ukalirudisha Pasaka likiwa na nyuzi mpya. Mama alikushukuru hadi akakupa jogoo. Na jogoo ukamchukua!

Bwana Eliya aliposikia, akashusha bei hadi haitoshi hata nauli na kitanda cha hospitali. Nikakataa. Nimeuza ng'ombe wangu, yule mwenye mimba, na Alhamisi nampeleka mama Mbeya. Kwa hiyo usinitumie pesa za kunifumba mdomo. Ninataka sumaku. Kama umeziuza, mfuate uliyemuuzia, hata kwa kumpigia magoti. Zifunge kwenye kitambaa, umkabidhi shemeji Lugano atakapokuja mwezi ujao kuchukua mchele. Umenisikia?

Mama sikumwambia. Lakini niliporudi kutoka Bondeni, mume wangu Ambrose aliazima amplifaya ya kwaya, akalipiga gitaa kidogo. Mama alikuwa akipepeta mchele. Mikono ikasimama.

"Gwe Felista, hilo si la baba yenu. La baba yenu lilikuwa na kifua."

Nikamjibu kwamba waya umelegea. Mama haoni, nami nimemdanganya, kwa ajili yako. Sijawahi kufanya hivyo maishani mwangu.

Jioni ile kwenye sala aliwataja watoto wake mmoja mmoja kama kawaida. Alipofika kwako alinyamaza muda mrefu, nikadhani amekuruka. Kisha akakutaja mara mbili. Mimi ningekuruka.

Nisalimie Asifiwe, mbusu mtoto, na ukimwona baba mdogo Anyitike mwambie mama anamkumbuka. Mungu awape wote afya, na wewe akuongezee aibu.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, na bado ninakupenda,

Felista