Ruta Haijui Cheo

Shosti, acha kila kitu usome. Nimejifungia chooni, mbavu sina!

Unakumbuka Bosi alivyomwamuru fundi wa mtandao atufungie intaneti ofisi nzima? Kompyuta yake tu ndiyo iachwe huru. Hata onyo la kumtokea kwenye kioo mkaidi anayejaribu kufungua tovuti kalitunga mwenyewe.

Sasa jana jioni akaitamani kompyuta ya katibu wake, eti ina kioo kikubwa. Wakabadilishana. Fundi hakuambiwa, na ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, haijui cheo, inajua mashine tu.

Leo wamekuja wageni wa kutupatia kazi ile kubwa. Bosi kavimba ndani ya suti, kawasha projekta, kabofya tovuti yetu. Ukuta mzima:

"RUDI KAZINI, MVIVU WEWE!"

Mvivu wewe! Ukutani! Mbele ya wageni!

Bosi jasho linamchuruzika: "Nani kaandika upuuzi huu?"

Mama mmoja, mkubwa wa wageni, akavaa miwani, akasoma mstari wa chini taratibu: "Kwa amri ya Mkurugenzi."

 

Mama akafunga mkoba wake, akasimama. "Basi tukutii, Mkurugenzi. Na sisi turudi kazini."