Kumbukumbu za Kikao cha Maandalizi ya Kenduri ya Shukrani ya Bu Tukiyem, na Jina Litakalotajwa Kwenye Dua

KIKUNDI CHA AKINA MAMA CHA SIDO RUKUN
KITONGOJI CHA SUMBERWETAN

Tarehe: Jumapili, 22 Septemba 2024
Mahali: Barazani kwa Bu Tukiyem

Waliohudhuria:
Mbah Karsinah, Mwenyekiti (dada mkubwa wa Bu Tukiyem)
Bu Sulastri, Msimamizi wa Jiko
Bu Hartini, Mjumbe
Bu Tukiyem, Mjumbe na mwenye kenduri
Nastiti, Katibu
Pamoja na wajumbe wengine saba waliotia saini kwenye karatasi ya mahudhurio.

Wasiohudhuria:
Bu Sutarmi, kwa udhuru wa kumwuguza mjukuu.
Bu Jumirah, bila udhuru. Mwenyekiti aliagiza iandikwe hivyo hivyo.

KUMB. NA. 1/9/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na robo alasiri kwa dua. Alieleza kwamba robo saa iliyopotea ilitokana na kumsubiri Bu Hartini. Bu Hartini alieleza kwamba alikuwa anakaanga muhogo ambao Mwenyekiti alikuwa anautafuna wakati akimlaumu.

Mwenyekiti alimtambulisha Katibu mpya, aliyemaliza shule mwaka huu, akawaomba wajumbe wazungumze mmoja mmoja ili aweze kuandika. Bu Hartini alisema, "Mmoja mmoja? Basi tuleteeni mikeka kabisa, tutalala hapa."

Katibu aliuliza kama aandike maneno kama yanavyosemwa au kwa kifupi. Mwenyekiti alijibu, "Andika kama yanavyosemwa, nduk, binti yangu. Humu wengi hukana walichosema."

KUMB. NA. 2/9/2024: TAARIFA YA AFYA YA BU TUKIYEM

Bu Tukiyem aliwaeleza wajumbe ambao hawakupata habari kamili. Mwanzoni mwa mwaka alikwenda kliniki kwa ajili ya mtoto wa jicho. Daktari kijana aliyempima kabla ya upasuaji wa jicho alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwandikia aende hospitali kubwa ya mjini. Huko picha ya moyo ilionyesha tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Alizaliwa nalo. Damu iliyopaswa kwenda mwilini ilikuwa inavujia upande wa pili na kurudi mapafuni, miaka yote sitini na mitatu.

Alieleza kwamba hakupasuliwa kifua. Madaktari walipima kwanza presha ya mapafu, kwa sababu kwa mtu wa umri wake ikiwa imepanda sana tundu haliwezi kuzibwa. Ilionekana bado inaruhusu. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka moyoni, na ndani ya mrija kulikuwa na kifuniko cha waya laini kilichokunjwa. Kilipofika kwenye tundu kilifunguka pande zote mbili za ukuta, kikashika kama kifungo. Baada ya siku mbili alirudi nyumbani akiwa na plasta ndogo tu pajani. Sasa imetimia miezi mitatu tangu hapo.

Bu Sulastri alisema, "Ulienda kwa jicho ukarudi na moyo." Bu Tukiyem alijibu kwamba jicho nalo lina zamu yake, ila daktari amesema lisubiri kwa sababu bado anakunywa dawa za kuzuia damu kuganda.

Kwa sababu hiyo hiyo Bu Tukiyem aliomba asikwanguliwe tena mgongo kwa sarafu. Bu Hartini, ambaye ndiye humkwangua kila anapobanwa na pumzi, alisema, "Miaka ishirini nakutoa upepo mgongoni, kumbe nyumba inavuja ndani mimi nakwangua ukuta wa nje! Nisamehe, Bu." Bu Tukiyem alisema hana la kusamehe, maana kila alipokwanguliwa alilala usingizi mzuri.

KUMB. NA. 3/9/2024: SHUKRANI

Bu Tukiyem alitoa shukrani zake kwa wajumbe waliopokezana kukaa naye hospitalini, kwa Bu Sutarmi aliyelisha kuku wake, na kwa Bu Hartini aliyewasimulia wauguzi habari za kitongoji kizima mpaka wakawa wanauliza habari za watu wasiowajua. Alimshukuru daktari kijana wa kliniki, ambaye ataalikwa kwenye kenduri.

Mwisho alimshukuru Mwenyekiti, aliyekaa kwenye benchi nje ya mlango muda wote wa matibabu na akakataa kula. Mwenyekiti alisema hakukataa, ila wali wa pale ulikuwa mgumu.

KUMB. NA. 4/9/2024: VYAKULA VYA KENDURI

Bu Sulastri alisoma orodha ya vyakula vya Alhamisi jioni: mlima wa wali wa manjano, kuku mzima wa nazi, mboga za kuchanganya na nazi iliyokunwa, mayai ya kuchemsha, na uji mwekundu na mweupe.

Mwenyekiti aliuliza nani ameweka uji. Alikumbusha kwamba uji mwekundu na mweupe hupikwa mtu anapopewa jina. "Nani anapewa jina hapa? Kuna kichanga?"

Bu Hartini alisema, "Labda kile kifuniko cha moyoni, Mbah. Kina miezi mitatu na hakijaitwa bado."

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Bu Sulastri alieleza kwamba uji uliagizwa na mwenye kenduri mwenyewe.

KUMB. NA. 5/9/2024: JINA LITAKALOTAJWA KWENYE DUA

Bu Tukiyem alithibitisha kwamba ndiye aliyeagiza uji. Alisema Pak Ngadiyo, imamu wa kitongoji, ameuliza atamtaja nani kwenye dua, na mwenye kenduri anataka atajwe kwa jina alilozaliwa nalo, Retno Kusumaningrum, na aitwe hivyo kuanzia siku hiyo.

Wajumbe kadhaa walikuwa hawalijui jina hilo. Mwenyekiti alieleza kwamba mdogo wake aliitwa hivyo mpaka alipofika miaka minne. Alikuwa anakohoa kila masika na hanenepi. Wazee walisema ni jina la mabinti wa kifalme, limemlemea mtoto wa mkulima. Mama yao akapika uji, akaita majirani, akampa jina jepesi, Tukiyem. Kuanzia mwaka huo alianza kukimbia na wenzake. "Jina lile lilitaka kumuua. Hili limemfikisha hapa. Mtu ana shida gani na jina lililomfikisha?"

Bu Tukiyem alimjibu dada yake, "Daktari anasema watoto wa namna yangu wengi hupata nafuu wakikua kidogo, halafu uzeeni tatizo linawarudia. Tundu halikujua ninaitwa nani, Mbakyu."

Mwenyekiti alisema, "Daktari ana miaka mingapi? Mimi nilikuwepo."

Bu Sulastri aliunga mkono hoja ya Mwenyekiti, akasema mambo kama haya hayajaribiwi, na tena kadi ya bima imeandikwa Tukiyem. Bu Tukiyem alifafanua kwamba kadi itabaki kama ilivyo. Hadai jina kwa serikali. Analidai kwa majirani zake.

Mwenyekiti alisema, "Nilikubeba mgongoni mpaka kwa mganga, mvua inanyesha, unapumua kama kifaranga. Nina miaka sabini na minne sasa, Yem. Likikurudia, mimi sitaweza kukubeba tena."

Kisha Bu Tukiyem alisema maneno yafuatayo:

"Mbakyu, simlaumu mama wala sikulaumu wewe, mlinipenda na mlifanya mlichokijua, lakini tangu nina miaka minne nimeambiwa kwamba jina langu lilinishinda, na kila nilipoketi katikati ya ngazi za kisimani, kila nilipoacha kutwanga wenzangu wakiendelea, kila harusi niliyokaa chini nikimenya vitunguu wakati wengine wanabeba vyungu, nilijisemea si ajabu, mtu aliyeshindwa na jina lake ataweza nini, kumbe nilikuwa nalima na moyo wenye tundu, nikazaa nao watoto wawili, nikamzika mume wangu nao, basi mtu wa namna hiyo hawezi kulemewa na maneno mawili, na Alhamisi nikimshukuru Mungu nataka nimshukuru kwa jina nililokuja nalo."

Bu Hartini alisema, "Jamani, mmesikia? Hakuvuta pumzi katikati."

Wajumbe walikubali kwamba ni kweli. Mjumbe mmoja alisema hajawahi kumsikia Bu Tukiyem akisema hata nusu ya hayo bila kusimama.

Mwenyekiti alisema, "Tangu utoto tukigombana nashinda mimi. Sikuwa na hoja. Wewe ndiye ulikuwa unaishiwa pumzi."

Bu Tukiyem alijibu, "Najua, Mbakyu. Na zile hoja zote bado ninazo."

Mwenyekiti aliomba kikao kisimame kidogo, akaenda nyuma ya nyumba. Wajumbe walikunywa chai. Bu Sulastri alitaka kumfuata lakini Bu Tukiyem alimwambia amwache.

Mwenyekiti aliporudi alisema kwamba miaka yote hiyo hakuwa amesikia ugomvi wa mdogo wake ukifika mwisho, na anamshukuru Mungu kwamba ameishi mpaka kuusikia. Alisema, "Uji upikwe. Na ataukoroga nani kama si mimi?" Aliongeza kwamba sukari ya mnazi iwe nzuri, isiwe kama ile ya harusi iliyopita. Bu Sulastri aliomba iandikwe kwamba sukari ya harusi iliyopita ilinunuliwa na Mwenyekiti.

Azimio: Uji mwekundu na mweupe utapikwa. Pak Ngadiyo ataarifiwa kwamba jina la kutajwa ni Retno Kusumaningrum. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 6/9/2024: MENGINEYO NA KUFUNGA

Bu Sulastri aliuliza kama wajumbe waanze kulitumia jina hilo leo au wangoje mpaka uji uliwe Alhamisi. Kabla swali halijajibiwa, mwenye kenduri aliinuka kuirudisha ndani benchi iliyokuwa imekaliwa na wajumbe. Mwenyekiti alipaza sauti, "Retno! Weka chini hiyo benchi! Unataka kutuua?"

Bu Retno alijibu kwamba daktari amemruhusu kubeba vitu tangu mwezi uliopita. Mwenyekiti alisema daktari si mwenyekiti wa kikundi hiki. Bu Retno alisema ana mambo matatu ya kumjibu.

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili kasoro robo, Bu Retno akiwa kwenye jambo la pili.

Mbah Karsinah
Mwenyekiti

Nastiti Wahyuningsih
Katibu