Waliosoma Kuanzia Katikati

Mamangu mpenzi,

Nakushika miguu kutoka huku milimani Machakos. Goti lako limepoa? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Na yule kuku wako mkorofi, bado anataga juu ya vitanda vya watu? Niambie yote, maana barua yako ya mwisho ilijaa jambo moja tu, ukasahau hata kuniarifu kama unapata usingizi.

Mimi ni mzima, Mama, ila nimechoka. Mvua hazijaonekana, mabomba ya shule yamekauka, na sisi walimu tunapanga foleni ya maji pamoja na wanafunzi, kila mtu na ndoo yake. Mchana ni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Nimeyazoea, lakini kuna siku nautamani wali wa nazi mpaka machozi yananilenga. Jioni nasahihisha insha hadi herufi zinaanza kunichezea. Nalala nimechoka, naamka nimechoka vile vile.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Unasema mdogo wangu Rukia amemwacha mumewe bila sababu na kurudi hapo nyumbani. Unasema Salim ni mpole, anasalimia baraza zima, na hajawahi kuja kwako mikono mitupu. Rukia ndiye mwenye kiburi: akiulizwa hajibu, hakuni nazi, hafui, na joto lote hili la kaskazi anashinda ndani na gauni la mikono mirefu kama malkia. Unataka mimi, dada yake mkubwa na tena mwalimu, nimwandikie maneno makali arudi kwa mumewe kabla wazee wa upande wa Salim hawajaja kumchukua mwisho wa mwezi. Mvumilivu hula mbivu, umeandika, ukapiga na mstari chini yake.

Sikuchelewa kujibu kwa kusahau. Kilichonichelewesha ni kitabu cha hadithi cha wasichana wa shule. Najua utacheka, lakini nisikilize.

Hapa shuleni mimi ndiye mlezi wa klabu ya wasomaji. Wasichana wanavipenda mno vile vitabu vya Kizungu vya mapenzi ya wanafunzi, vinavyouzwa sokoni vikiwa vimetandazwa juu ya gunia. Kitabu ni kimoja, wenye hamu ni bweni zima. Basi wamebuni njia yao: wanakipasua vipande, na kila kipande kinapita mkono kwa mkono chini ya madawati. Anayepata kipande cha tatu anaanzia hapo hapo, kisha anasubiri cha pili, na cha mwisho Mungu akipenda. Mimi huwakemea kwa kuharibu vitabu, lakini nani anisikilize.

Kitabu cha safari hii kinamhusu msichana aitwaye Janine, mkimbiaji hodari, na kijana wake Mark. Klabu ilipokutana Jumamosi mchana, nilimkuta Janine ameshawekwa kizimbani. Nilikaa nyuma na rundo la insha mapajani, nikisikiliza kwa sikio moja. Aliyeongoza mashtaka ni Kalondu wa kidato cha tatu, msichana mwenye sauti ya mnadani.

"Madam, huyu Janine ako na maringo mbaya sana," akaniambia. "Mamake Mark amepika keki, amempatia abebe apeleke kwa wageni. Yeye anaachilia keki inaanguka! Hata sori ya ukweli hakuna."

"Na Mark akitaka kumshika mkono, anavuta," mwingine akadakia. "Halafu jua yote hiyo, yeye amevaa sweta ya mikono mirefu. Si ni kujiona tu?"

"Mark amevumilia, na bado huyu amemwacha," Kalondu akahitimisha. "Mimi nikipata kijana kama huyo, natulia."

Walicheka, wakapigana viganja. Ndipo akasimama Mwende, msichana mkimya ambaye tangu mwaka uanze sijamsikia akitoa hoja.

"Mark akinyamaza mnasema amevumilia," akasema. "Janine akinyamaza mnasema anaringa. Kwa nini? Na kile kitabu cha mbele ya hiki, Mark aliacha wasichana wawili, mkasema ni kijana smati. Janine ameacha kijana mmoja tu, mnataka kumuua."

"Asi! Unamtetea juu mnafanana, nyinyi wote hamuongeangi!"

"Namtetea kwa sababu mimi nilisoma mwanzo. Niliwaambia mkasema niliota."

Ilikuwa kweli. Kipande cha kwanza kilinyang'anywa na mwalimu wa zamu siku ile ile kilipoingia darasani, na Mwende peke yake ndiye aliyekuwa amekisoma. Wengine wote walianzia katikati, wakahukumu kutoka hapo. Basi niliweka insha chini, nikaenda ofisi ya walimu. Nilikipata ndani ya droo ya vitu vilivyokamatwa, kimelaliwa na vioo na redio ndogo, nikarudi nacho na kuwasomea.

Ni kurasa chache, Mama. Janine anamshinda Mark mbio mazoezini, marafiki wa Mark wanamcheka mwenzao. Jioni Mark anamsindikiza Janine nyumbani, na njia nzima anawasalimia watu kwa adabu. Wakifika pasipo na mtu, anamkamata vifundo vya mikono, anaikaza na kuipinda mpaka msichana anapiga magoti. Kisha anamwomba msamaha na kumnunulia aiskrimu. Asubuhi mikono ya Janine imevimba, kikombe cha chai kinamshinda. Hajamwambia mtu. Anafungua kabati, anatafuta sweta.

Nilikishusha kile kipande. Kalondu akauliza, ubishi wote umemtoka, "Lakini Madam, si angesema?"

Mwende alijibu kabla sijafungua kinywa. "Angeambia nani? Nyinyi?"

Niliwaruhusu waende mapema. Nilirudi nyumbani kwangu nikaitoa barua yako chini ya mto, na safari hii niliisoma kama msichana aliyepewa kipande cha katikati. Salim anasalimia baraza zima. Rukia hajibu. Rukia hakuni nazi, yeye ambaye tangu utotoni alikuwa akikalia mbuzi ya kukunia huku akiimba, akinimalizia na nazi zangu mimi mkubwa wake. Rukia na mikono mirefu katika joto la kaskazi. Nikaikunja barua, nikaikunjua tena. Chakula cha jioni kilinishinda.

Labda nakosea. Naomba Mungu nikosee. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi niko mbali, sijui lolote la nyumba ya Salim. Lakini wewe pia hujui, na kaka Athumani hajui, na hao wazee hawajui.

Kwa hiyo maneno uliyoniomba sitamwandikia. Nisamehe, Mama. Sikumbuki kama niliwahi kukukatalia jambo. Nakuomba mimi sasa: barua hii usiisomee barazani. Ukiimaliza ingia chumbani kwa Rukia, ufunge mlango, mwambie akae kitandani. Usimuulize kwa nini amerudi, ameshaulizwa vya kutosha. Mkunjie mikono ya lile gauni polepole, wewe uliyemwogesha akiwa mchanga, utazame. Ukiona mikono yake mizima, niandikie unitukane unavyotaka, nami nitamwandikia ukali wote ulioniagiza. Ukiona vinginevyo, wazee wakija wape kahawa wanywe, uwaage vizuri, warudi kwao bila yeye.

Nisalimie kaka Athumani, mtoto wako wa pekee wa kiume na rafiki mkubwa wa Salim, na umwambie dada yake anamsihi asimpeleke Rukia popote kabla ya wewe kuingia chumba kile. Msalimie shangazi Mwanasiti, msusi wetu wa mikeka, macho yake yanaendeleaje? Wajukuu wako wabusu wote, hata yule anayeuma.

Rukia sitamtumia salamu kwa karatasi. Mshikie mikono kwa niaba yangu, ila taratibu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Zuhura

Na nazi zisikutie hasira, Mama. Likizo haiko mbali, nitakuja kuzikuna mimi.