Koplo wa Kabeji

Alhamisi, 2 Oktoba

Bahati yangu mimi Nabiswa ningeigawia Kaloleni nzima na bado ingebaki ya kuchezea! Leo nimemkumbusha Wanyoike pale kwa bucha yake, soko la Burma. Kambini tulikuwa wanaume mia tano. Wengine wamemaliza fomu foo, Kiingereza kinawatoka puani. Jeshi likatafuta mtu mmoja wa kusomeshwa kilimo. Nani akaitwa? Mimi! Darasa la saba, tena nusu. Nikapewa shamba la kambi, nikapewa cheo cha koplo. Nilipostaafu nikachukuliwa chuo cha wakulima, nikafundisha miaka kumi na sita. Watu wenye digrii wakiniita Mwalimu!

Wanyoike akasema afande, hao wanaume wanazaana, mwaka jana walikuwa mia tatu. Nikamwambia kambi ilipanuliwa. Akacheka mpaka akaniongezea mfupa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Lydiah, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aliniomba nizungumze na vijana pale ukumbini juu ya kulima kwa magunia. Amemwendea fundi mwenyewe. Mlangoni kwangu sukuma wiki iko kwa magunia kumi na mawili, mistari miwili, kama gwaride. Watu hupita wakasimama.

Basi nikaanza. Udongo, samadi, nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, matundu ubavuni. Dakika tano — miayo! Wengine simu. Mimi si mtu wa kupigiwa miayo. Nikahamia jeshini. Nikawapa ndege ya mizigo, nikawapa theluji ya Ulaya tulipopelekwa kulinda amani, nyama ya mkebe, Mzungu aliyenifundisha kuteleza nikaanguka na sufuria ya maharagwe. Nikawapanga mistari, kulia geuka! Ukumbi ulivuma.

Lydiah akaninong'oneza: Mwalimu, na magunia? Nikamwambia mama, gunia halina miguu, litangoja.

Jumapili, 5 Oktoba

Vijana saba wanaenda kuandikishwa jeshini Ijumaa, kwa sababu yangu. Kanisani nilikaa mbele.

Wakati wa chakula cha mchana ndipo nikamjua wa saba. Nekesa. Mjukuu wangu! Tumemlea tangu akiwa wa kubebwa. Barua yake ya chuo cha kilimo iko juu ya kabati — diploma. Chuo chenyewe mwendo wa saa mbili tu. Kuripoti ni Ijumaa hiyo hiyo, mwisho saa kumi na moja jioni. Asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Wamekoleza wino hapo.

Mke wangu Nabalayo alinitazama mara moja. Aliendelea kupakua ugali. Miaka arobaini na moja namjua huyu mama. Afadhali angerusha mwiko.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimejaribu. Nikamwambia Nekesa jeshini kuna baridi, viatu vinakula vidole. Akacheka. "Kuka," ndivyo anavyomwita babu yake, "si wewe ulisema ni pikiniki yenye saluti?"

Nilisema. Mbele ya watu.

Nikamwambia kilimo ni kazi nzuri, mimi nimeifanya. "Lakini hujawahi kutupigia hata stori moja ya hicho chuo. Ni jeshi, jeshi, jeshi."

Halafu akanieleza mpango wake. Anaingia jeshini kwanza, jeshi lenyewe limpeleke kusomea kilimo, kama lilivyokupeleka wewe, Kuka. Apate vyote viwili! Mtoto ana akili sana. Kosa lake ni moja, anamwamini babu yake.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemkimbisha Nekesa asubuhi, mizunguko minane ya uwanja. Aliniomba, ningekataaje? Ana pumzi ya punda. Nikajikuta napiga makofi — mzee mzima, mpumbavu mzima. Wanyoike akaleta maini, eti ya kuongeza damu. Akamwita Afande Mdogo. Msichana akang'aa.

Jioni Nabalayo akafungua mdomo, mara ya kwanza tangu Jumapili. "Mwambie."

Nikasema, nimwambie nini?

Akasema mimi ndiye niliyekulisha kwa kijiko ulipotoka huko, usiniulize nini. Akaenda kulala.

Ijumaa, 10 Oktoba

Uwanjani tangu alfajiri. Sisi watu wa nyumbani tuko nje ya seng'enge. Barua ya chuo niko nayo mfukoni. Nilitaka kumwambia njiani. Nikasema mzaha. Nikasema mwingine.

Wamempima urefu. Wamemhesabu meno, yote yako! Amekimbia, akamaliza wa pili kati ya wasichana wote, wakamwandikia nambari mkononi kwa kalamu nzito: 34. Nilipiga kelele mpaka askari wa lango akanitazama. Kisha nikakumbuka nilichokuja kufanya.

Saa tano na nusu. Wamepewa nafasi ya kunywa maji kabla ya kuingia kwa daktari. Amekuja kwenye waya, jasho tele, meno nje. "Kuka, haraka. Wakiniuliza nataka nini nitasema kilimo. Wewe uliwaambia nini ndio wakakuchagua?"

Wanyoike kando yangu akadakia: "Mwambie, afande! Wanaume mia sita —"

Nikamwambia Wanyoike, leo nyamaza.

Nikamwambia Nekesa. Kwamba kule Ulaya lori lililotutangulia lilikanyaga bomu, na sisi ndio tulioshuka kuokota. Kwamba tangu siku hiyo mikono yangu ilikataa amri. Bunduki ilinitetemekea mbele ya kikosi kizima, sajini akaichukua polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Wakanipeleka nyuma ya jiko, nipalilie kabeji, nisionekane. Kozi hakuna. Koplo hakuna. Ni udongo ulionituliza, na baadaye wale wakulima wa chuo, walioniita Mwalimu bila kuniuliza chochote. Sijawahi kuwasimulia, nikamwambia, kwa sababu hapo hapakuwa na la kuchekesha. Nilikuwa nimepona tu.

Amechukua barua kupitia waya, ameikunjua, ameikunja. Amesimama hatua tatu kutoka hapa, amenipa mgongo. Wanyoike anaangalia viatu vyake.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Ona mistari inavyokwenda.

Wanaita thelathini na mbili.

Anaitazama nambari yake. Anaisugua kwa kidole cha mate, au anafuta jasho — sioni vizuri.

Thelathini na tatu.

Hakuna aliyenichagua. Niliogopa, wakanificha, nami kule kufichwa nikakuita bahati.