Walipigia Makofi Samaki

Jumamosi, 10 Februari 2001

Nimesugua sufuria mpaka vidole vinauma. Watetezi wa mahakamani walikuwa kwetu, mkutano wa shirika lao. Papa, baba yangu, ndiye mwenyekiti. Alisoma karatasi ndefu ya Kifaransa, wageni wakiangalia mlango wa jikoni. Mimi na Mama tukatokea na ugali na samaki, mikeke ya kukaanga, wakati anamalizia. Makofi! Maître Lukas, yule mtetezi mcheshi, akapaza sauti: "Aksanti, Mama! Hotuba haishibishe muntu!" Wote walicheka, hata Papa kidogo.

Jumatatu, 12 Februari

Redio imetangaza asubuhi. Watetezi wote wa Fizi wameunga mkono utawala wa waasi, "kwa makofi ya pamoja". Kumbe ndicho alichokisoma Papa kwa Kifaransa. Mosyo, tamko la kuunga mkono wakubwa, kama zile walizokuwa wakimpelekea rais wa zamani.

Shuleni wavulana wa nyuma wameimba, "Mutoto wa mosyo! Mutoto wa mosyo!" Sikugeuka. Masikio yaliwaka hadi saa ya kutoka.

Yale makofi yalikuwa ya samaki. Niliyaona mwenyewe.

Jumanne, 13 Februari

Risasi upande wa milimani. Hakuna shule. Nimesoma sheria ya shirika kwenye rafu ya Papa. Shirika lisimamie kazi na heshima ya watetezi. Lisiwasemee wanachama mambo ya siasa. Nimeelewa kwa nini: hakuna aliyejiunga kwa kupenda. Bila kadi ya shirika, jaji hamruhusu mtetezi kufungua mdomo. Mtu aliyelazimishwa kuingia hawezi kusemewa kila kitu.

Papa anaijua sheria hii. Ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi, 15 Februari

Siku mbaya. Sitaki kuandika, naandika.

Maître Lukas amekuja kudai jina lake litolewe kwenye mosyo. Papa akasema wote walipiga makofi. Lukas akanigeukia.

"Mwanangu, weye ulileta chakula. Tulipigia nini makofi?"

Papa aliniangalia. Nikaangalia sakafu.

"Sijue."

Lukas alingoja. Papa akamwambia aache kadi mezani, amesimamishwa. Akaiacha, akatoka bila kuaga.

Komanda wa waasi ndiye aliyetaka mosyo ile. Papa anaogopa. Najua. Lakini mimi komanda hakuniuliza chochote. Aliyeniuliza ni Maître Lukas, kwa upole.

Ijumaa, 16 Februari

Nimejua leo: Lukas ndiye mtetezi wa Baba Neema, mvuvi, jirani yetu. Wanajeshi walimkamata na chumvi kwenye mtumbwi. Wanasema alikuwa anawapelekea wapiganaji wa milimani. Kesi ni Jumatatu. Watetezi wengine wote wana homa ghafla.

Mimi ni mwoga. Hakuna neno lingine.

Jumapili, 18 Februari

Mama Neema alikuja baada ya ibada. "Nani atasimama na bwana yangu?" Papa alikuwa chumbani. Nikasema ametoka. Uongo wa pili.

Alipoondoka tukakaa kula. Mezani nikasema, sauti ndogo sana: "Papa, walipigia makofi samaki. Niliona." Mama aliacha kutafuna. Papa akanawa mikono. Hakuwa amekula kitu.

Jumatatu, 19 Februari

Papa aliamka mapema, akampelekea Maître Lukas kadi yake. Wakaenda pamoja mahakamani, karibu wanakimbia.

Wamechelewa. Jaji alianza na kesi walizoleta wanajeshi. Baba Neema alisimama peke yake, akaulizwa kwa Kifaransa, akaitika "oui", yaani ndiyo, kila mara, kwa adabu. Hajui Kifaransa. Wamempakia kwenye boti ya Uvira, kwenda gerezani.

Laiti ningalisema Alhamisi.

Jumatano, 21 Februari

Shule imefunguliwa. Redio haijasema lolote jipya. Papa hazungumzi na mimi, lakini si kwa hasira. Ananipitia kama mtu anayeona haya.

Jioni nilienda ziwani na ndoo, nikamkuta Mama Neema anachota maji. Nilitaka kurudi nyuma, akawa ameniona. Akanisaidia kujitwika ndoo, kama siku zote. Akauliza habari za masomo.

"Soma Kifaransa sana, mwanangu," akasema. "Siku ingine utatusemea."

Nikaitika, "Ndiyo, Mama." Maji yalinimwagikia mgongoni njia nzima.